Nilipeleka tope la pwani maabara likapimwe mionzi: lipia tope, achana na maji

Nianze na hukumu, maana wengi mnaosoma tathmini hizi mnataka hiyo tu. Kama unaishi au unavua karibu na kiwanda kilicho ufukweni, na unataka kujua kama kinaongeza mionzi ya asili baharini, kupimiwa tope kwa kigunduzi cha germaniamu (chombo kinachotambua kila chanzo kwa nishati ya mionzi yake) ni huduma inayostahili kulipiwa. Kupimiwa maji ya bahari, kwa jinsi kunavyouzwa ndani ya kifurushi hichohicho, hakustahili. Na kurasa za mwisho za ripoti, zile zenye fahirisi za hatari kwa rangi nyekundu na kijani, zichukulieni kama mapambo. Nyota nne kwa tope, moja kwa maji, na kwa zile rangi sitoi kitu.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kamati ya wavuvi ilinibebesha kazi hii kwa sababu moja tu: mikutanoni nilikuwa nauliza maswali mengi kuliko wote. Penyewe ni hori lenye kiwanda cha mbolea ya fosfeti upande mmoja na kituo cha umeme wa makaa upande wa pili; katikati unapita mfereji wa majitaka, na maji yakipwa watu huingia kuokota kome. Jina la maabara silitaji. Kifurushi chenyewe, "mashapo na maji ya bahari, vipimo vya gama" (gama ni mionzi inayopenya vitu), kinauzwa na maabara nyingi kwa muundo uleule, na nitakayoyasema yatakusaidia popote utakapopeleka sampuli zako.

Kwanza mjue ni nini kinachotafutwa, maana nusu ya wanakamati walidhani tunatafuta mabaki ya bomu. Urani na thoriamu zimo kwenye kila udongo tangu dunia iumbwe, na potasiamu-40 nayo ipo kila penye potasiamu. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kisayansi kuhusu athari za mionzi, UNSCEAR, inaweka wastani wa dunia kwenye udongo kuwa bekereli (bekereli moja ni kiini kimoja kuvunjika kila sekunde) kama 33 kwa kilo kwa urani-238, 45 kwa thoriamu-232 na 420 kwa potasiamu-40. Kiwanda hakitengenezi unururifu mpya. Kinachofanya ni kuuchambua na kuukusanya mahali pamoja. Mwamba wa fosfeti uliotokana na mashapo ya bahari za kale mara nyingi una bekereli 1000 hadi 1500 za urani kwa kilo. Ukiuyeyusha kwa asidi ya salfuriki kupata asidi ya fosforiki, sehemu kubwa ya urani inafuata asidi, na sehemu kubwa ya radiamu, ambayo huzaliwa urani ikivunjika, inabaki kwenye jasi inayotupwa. Jasi hiyo ndiyo iliyomwagwa miaka na miaka kwenye ghuba ya Gabès kule Tunisia, na ndiyo iliyorundikwa kwenye vinamasi vya mito Tinto na Odiel huko Huelva, Uhispania, mpaka rundo likafika tani milioni 100 na ushei. Makaa ya mawe hayana ukali huo, ila yakiungua kaboni inaondoka na madini yanabaki kwenye majivu, kwa hiyo majivu huwa na unururifu mwingi kuliko makaa yenyewe.

Sasa huduma. Maabara ilituma mifuko ya plastiki, chupa za lita moja na karatasi ya maelekezo ya ukurasa mmoja. Ukurasa huo ni dhaifu. Unasema "chukua kilo moja ya mashapo", basi. Hausemi uchukue kina gani, haukuulizi kama ni tope laini au mchanga, na haukukumbushi kuchukua sampuli ya kulinganishia mahali ambapo kiwanda hakifiki. Haya si mambo madogo. Chembe laini za tope hushika radiamu na thoriamu nyingi kuliko punje za mchanga wa kawaida, kwa hiyo ukilinganisha tope la mfereji na mchanga wa ufukweni utapata tofauti hata kama kiwanda hakipo. Tulichukua sentimita 5 za juu wakati wa maji kupwa, tope kwa tope: mdomoni mwa mfereji, katikati ya hori, na kwenye mkono mwingine wa mikoko ambao mkondo wa kiwanda hauufikii. Mteja ambaye si mtu wa maabara angeyajuaje haya? Mistari mitano tu kwenye ile karatasi ingetosha.

Baada ya hapo, kazi yao ya ndani siwezi kuilaumu. Niliomba kuiona na hawakunikatalia. Tope hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka, likasagwa, likachekechwa, kisha likajazwa kwenye chombo cha Marinelli. Hicho ni kibweta cha plastiki chenye shimo chini, ili kikae juu ya kigunduzi na sampuli ikizunguke pande zote. Fundi alipaka silikoni kwenye ukingo wa kifuniko, akazungushia utepe, akaandika juu yake tarehe ya kufunga. Kisha kikawekwa rafuni na kuachwa.

Hapo ndipo wateja wengi hukasirika, na nimesoma malalamiko yao: "wamekaa na sampuli yangu mwezi mzima bila kuigusa." Ndugu zangu, huo mwezi ndio mnaoulipia. Radiamu-226 yenyewe ina mstari mmoja tu wa gama (yaani nishati inayoitambulisha) wenye maana, kwenye kiloelektronivolti 186, na hapohapo urani-235 nayo ina mstari wake, kiasi kwamba kigunduzi hakiwezi kuitenga miwili hiyo. Njia safi ni kuwapima wajukuu wa radiamu (elementi zinazozaliwa ikivunjika), yaani risasi-214 na bismuthi-214, ambao mistari yao ya 352 na 609 haina mpinzani. Lakini kati ya radiamu na wajukuu hao kuna radoni, ambayo ni gesi. Chombo kikivuja, radoni inatoroka na hesabu inashuka. Chombo kikizibwa vizuri, radoni, yenye nusu-maisha (muda wa nusu yake kuvunjika) ya siku 3.8, inahitaji kama wiki nne ili ifikie mizani na radiamu, yaani zivunjike kwa kasi sawa. Maabara ikikupa majibu ya radiamu-226 ndani ya wiki moja, usiipigie makofi. Iulize imepima mstari upi.

Kigunduzi chao kimo ndani ya ngome ya risasi nene, imetandikwa shaba upande wa ndani, na kinapozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Risasi yenyewe ni ya zamani, jambo ambalo fundi alilitaja kwa fahari, na alikuwa na haki: risasi mpya huwa na risasi-210, yenye nusu-maisha ya miaka 22, na hiyo huchafua kipimo. Kila sampuli ilihesabiwa usiku kucha na zaidi, na waliniambia kwamba chombo kitupu nacho walikihesabu kwa muda huohuo ili kukitoa kwenye jumla. Cheti cha ithibati cha ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kimebandikwa ukutani. Nilikisoma hadi chini kuona kama kinataja mashapo, maana ithibati huwa ni ya kipimo fulani kwenye aina fulani ya sampuli, haiwi ya jengo zima. Kilitaja mashapo. Maji ya bahari hakikuyataja. Hapo nikaanza kunusa kitu.

Majibu ya tope yalikuja yakiwa na ukingo wa makosa pembeni ya kila namba, na maelezo kwamba ukingo huo umezidishwa kwa 2 ili uwe na uhakika wa asilimia kama 95. Hili nalipongeza. Namba ya unururifu isiyo na ukingo wa makosa ni uvumi uliovaa suti. Na yalisomeka vizuri: potasiamu karibu sawa mahali pote patatu, thoriamu karibu sawa, radiamu ikiwa juu mdomoni mwa mfereji na ikishuka kadiri unavyoelekea mikokoni. Umbo hilo linasema zaidi kuliko namba yoyote peke yake. Ukubwa wa chembe ungekuwa ndio sababu, zote tatu zingepanda pamoja. Majivu ya makaa yangekuwa ndiyo sababu, thoriamu ingepanda kidogo sambamba na radiamu. Radiamu ikipanda peke yake, kidole kinaelekea kwenye fosfeti.

Kinyume chake ni muhimu vilevile. Kuna fukwe ambazo thoriamu ni nyingi ajabu bila kiwanda chochote, kwa sababu mawimbi yamekusanya mchanga mweusi wenye monaziti: Kerala kule India na Guarapari kule Brazili ndizo zinazotajwa zaidi. Mtu akikuonyesha thoriamu ya kutisha kwenye mchanga mweusi akaanza kulaumu kiwanda cha mbolea, mwambie akatazame jiolojia kwanza.

Malalamiko yangu ya kwanza makubwa yako kwenye jedwali lenyewe. Safu ya kwanza iliandikwa "urani-238". Nikatazama kiambatisho, nikakuta namba za safu hiyo zimetokana na mistari ya bismuthi-214 na risasi-214. Yaani wamepima radiamu, wakaiita urani. Kwenye udongo ambao haujaguswa, hilo linaweza kupita, maana mnyororo wa urani, yaani urani na wazawa wake wanaofuatana, huwa na mizani kutoka juu hadi chini. Lakini sisi tulipeleka sampuli kwa sababu ya kiwanda ambacho kazi yake ni kuuvunja mnyororo huo! Urani imekwenda na asidi, radiamu imebaki na jasi. Ukiziandika kama kitu kimoja, umefuta ushahidi uliokuwa ukiutafuta. Nilipopiga simu, kijana wa vipimo alinijibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, tunachukulia kwamba ziko kwenye mizani, ndio utaratibu wetu."

Nikamwomba aipime urani kupitia wazawa wake wa karibu: thoriamu-234, kwenye mstari wa 63, au protaktini-234m kwenye 1001. Akasema mstari wa 63 unamezwa na sampuli yenyewe na lazima ufanyiwe masahihisho, na ule wa 1001 ni hafifu. Yote mawili ni kweli. Lakini hafifu kuna maana kwamba ukingo wa makosa utakuwa mpana, na mimi afadhali niletewe namba ya kweli yenye ukingo mpana kuliko namba nyembamba yenye jina la mwingine. Mwishowe walinitumia jedwali jipya, safu ikiwa imeandikwa "radiamu-226" na urani ikiwa peke yake. Sifa wanastahili, ila isingefaa mteja aifuatilie kwa simu.

Sasa maji. Nilijaza chupa zao, nikatia asidi ya nitriki kidogo mpaka pH ikashuka chini ya 2, kwa sababu bila asidi radiamu na poloniamu hung'ang'ania kuta za chupa. Asidi hiyo ilikuwa yangu, kutoka stoo ya shule. Maabara haikuituma wala haikuitaja. Majibu yalikuja hivi: potasiamu-40, bekereli kama 12 kwa lita, radiamu-226, chini ya kikomo cha ugunduzi (kiasi kidogo kabisa ambacho chombo chao kinaweza kukiona), radiamu-228, chini ya kikomo, urani, chini ya kikomo. Mahali pote patatu.

Ukiwa hujui, utafurahi. Maji safi! Lakini hebu piga hesabu nami. Gramu moja ya potasiamu yoyote ile duniani, iwe ya ndizi, ya mbolea au ya bahari, hutoa kama bekereli 31. Lita moja ya maji ya bahari yenye chumvi ya kawaida ina karibu gramu 0.4 za potasiamu. Zidisha, unapata 12. Kwa hiyo namba pekee tuliyopewa ilikuwa cheti kwamba bahari ina chumvi, na ningeipata kwa kipimo cha chumvi cha darasani.

Radiamu-226 kwenye maji ya bahari ya kawaida huwa milibekereli chache tu kwa lita. Urani iko kama mikrogramu 3.3 kwa lita, sawa na milibekereli zipatazo 40 za urani-238. Kikomo cha ugunduzi kwenye ripoti yetu, kwa chupa ya lita moja, kilikuwa juu mno ya viwango hivyo. Maji yangeweza kuwa na radiamu mara 20 ya kawaida na bado wakaandika "chini ya kikomo". Wanaoijua kazi hii hupitisha mamia ya lita za maji kwenye nyuzi zilizopakwa manganizi dioksidi, ambazo hunasa radiamu, kisha huzipima nyuzi. Au huitenga radiamu kwa kemia na kupima alfa, mionzi isiyopenya hata karatasi. Kifurushi hiki hakina hata kimoja kati ya hivyo, na bado mstari wa "maji ya bahari" upo kwenye ankara. Mbaya zaidi, muhtasari wa ripoti uligeuza "hatukuweza kuona" ukawa "maji ni salama". Huwezi kuandika hivyo. Nyota moja niliyotoa ni ya chupa, zilikuwa na vifuniko vizuri.

Kuna jambo jingine la maji na tope ambalo muuzaji wa kifurushi hakulitaja nalo linafaa kujulikana. Thoriamu haipendi kukaa majini. Ikiingia tu inajibandika kwenye chembe na kuzama. Radiamu ni kinyume: tope la mto likikutana na maji ya chumvi, radiamu huachia chembe na kuingia majini, kwa kuwa chumvi inashindana nayo kwenye nafasi zilezile. Ndiyo maana mdomoni mwa mto au mfereji tope linaweza kuonyesha radiamu pungufu kuliko iliyotoka kiwandani, na iliyobaki imeshaondoka na maji ambayo wewe umeyapima kwa chupa ya lita moja.

Kurasa za mwisho sasa. Zina fahirisi inayoitwa usawa wa radiamu: unachukua radiamu, unajumlisha thoriamu mara 1.43 na potasiamu mara 0.077, na jibu likiwa chini ya 370 unapakwa kijani. Hesabu yenyewe si mbaya. Ilitungwa kwa ajili ya vifaa vya ujenzi, kuamua kama matofali au saruji fulani inafaa kwa nyumba ya kuishi. Sisi hatujengi kwa tope la mfereji. Inafuata dozi ya mwaka, wanayodhani mtu anakaa juu ya tope hilo asilimia 20 ya mwaka, yaani kama saa 4.8 kila siku ya Mungu, mahali ambapo nusu ya muda pamefunikwa na maji, na maji yenyewe huizuia gama. Kisha hatari ya saratani kwa maisha yote, ikiwa na tarakimu nne baada ya nukta. Kutoka kwenye dhana kama hizo! Wanakamati walipoona rangi ya kijani wengine walitaka kufunga faili.

Nami nikawauliza: tangu lini tatizo letu likawa kusimama kwenye tope? Watu wanaingia pale kuokota kome, na kome wanaliwa. Kinachohusika hapo ni poloniamu-210, iliyo karibu na mwisho wa mnyororo wa urani. Hujikusanya kwenye viungo vya mmeng'enyo vya kome na chaza, na kwa mtu mzima bekereli moja yake ikiliwa hutoa dozi karibu mara 200 ya bekereli moja ya potasiamu-40. Pwani ya Cumbria, Uingereza, ni mfano wa kusomea: kiwanda cha asidi ya fosforiki cha Whitehaven kilimwaga taka zake baharini hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ingawa mitambo ya nyuklia ya Sellafield iko jirani, miaka mingi baadaye poloniamu ya asili iliyotokana na fosfeti iliendelea kuwa sehemu kubwa ya dozi ya walaji wakubwa wa samakigamba wa eneo lile. Na poloniamu-210 haionekani kwa germaniamu, kwa sababu karibu mionzi yake yote ni alfa. Kifurushi cha gama, hata kiwe kizuri vipi, ni kipofu kwa kitu ambacho walaji wa kome wanakihitaji zaidi.

Watakaoniuliza kwa nini sikutumia tu kile kipimo cha mfukoni kinacholia tik-tik: ninacho. Ukikaribia maji kinashuka, kwa kuwa maji yanaziba gama ya ardhini. Nimeona mtu akikipeleka pale akatangaza kwamba bahari "inafyonza mionzi". Kinafaa kutafuta rundo la jasi au kipande cha bomba la mafuta chenye utando mgumu wa bariamu salfeti, ambao hunasa radiamu. Kwa tope lililozidi kidogo tu, hakioni kitu.

Kwa huduma ya wateja sina kinyongo. Simu zinapokelewa, dada wa mapokezi anajua sampuli yako iko rafu gani, na nilipoomba faili la spektra lenyewe (grafu ghafi ya kigunduzi) walinitumia bila kuuliza ninalitakia nini. Liombeni hilo faili. Ukiwa nalo, mtu mwingine anaweza kukagua kazi yao hata miaka kumi ijayo.

Ukiagiza, agiza tope peke yake, na uandike kwenye fomu kwamba unataka radiamu-226 na urani-238 kwenye safu mbili tofauti. Weka sampuli ya mahali pasipofikiwa na kiwanda, yenye chembe za aina ileile. Waambie wasikupe fahirisi, au wakikupa usiwalipe kwa ajili yake. Fedha ya maji hamishia kwenye poloniamu ya kome. Maabara hii haiifanyi, huipeleka kwa wenzao wanaoichomoa kwa asidi ya hidrokloriki na kuibandika kwenye kisahani cha fedha kabla ya kuhesabu alfa. Kome msiwachome kuwa majivu kabla ya kuwatuma, maana poloniamu hupaa kwa joto, wagandisheni. Na andikeni tarehe ya kuokota juu ya mfuko kwa wino usiofutika. Nusu-maisha yake ni siku 138, na maabara isiyoijua tarehe hiyo haiwezi kurudisha hesabu nyuma hadi siku kome walipotoka majini.